Kinanda Kisicho na Sauti Yake



Siku niliyoleta nyumbani kinanda changu cha kwanza cha kuchomeka kwenye kompyuta, mama alikuwa sebuleni anachambua mchele. Nilikitoa kwenye boksi, nikakilaza mezani, nikaingia chumbani kuchukua laptopu. Niliporudi nilimkuta ameuweka ungo pembeni, anabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine kwa kidole cha shahada, anatega sikio. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wamekuuzia kibovu. Hakilii hiki."

Kweli hakilii, lakini hakikuwa kibovu. Mama alizoea kinanda cha kwaya, kile kizito chenye spika zake, ukikiwasha tu kinaitika. Hiki cha kwangu hakina sauti hata moja tumboni. Kazi yake ni kupeleka habari. Ukibonyeza Do ya katikati, kinaipelekea kompyuta namba 60. Inafuatana na namba nyingine, kuanzia 1 hadi 127, inayosema umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Ukiinua kidole, inakwenda habari ya tatu kwamba kitufe kimeachiwa. Basi. Sauti ya piano, ya filimbi, ya gitaa la besi, zote zimo ndani ya kompyuta, zinasubiri namba hizo.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu wiki hii nimepata ujumbe kutoka Morogoro. Dada mmoja anayepiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa lao ameanza kutengeneza muziki nyumbani. Ana laptopu, ana programu ya FL Studio, na amedunduliza pesa mpaka zimetosha kinanda kimoja. Ameona viwili ambavyo bei zake zinakaribiana. Kimoja ni Akai MPK Mini: vitufe 25 vidogo, pedi nane za kugonga ngoma, nobu nane za kuzungusha, na taa zake. Cha pili ni M-Audio Keystation 49: vitufe 49 vya ukubwa wa kawaida, na zaidi ya hapo vitu vya kuhesabu kwa vidole. "Shikamoo kaka," ameandika, "nimechanganyikiwa. Hicho kidogo kina mambo mengi, hicho kikubwa kimekaa kitupu. Nichukue kipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu kabla kipindi hakijaisha. Ila kwanza niruhusu nikifungue kinanda tukitazame ndani, maana jibu limo humo.

Lugha ile ya namba inaitwa MIDI. Ilionyeshwa hadharani Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California. Walichukua kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits, Prophet-600, wakakiunga kwa waya na Jupiter-6 ya Roland ya Japani, na kimoja kilipobonyezwa, kingine kikalia. Kampuni hizo zilikuwa zinagombania wateja wale wale. Walioibeba zaidi kazi ya kuiunda lugha hii ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, na uamuzi wao ninaoushukuru mpaka leo ni kwamba lugha hiyo waliiacha wazi, kila kiwanda kiitumie bila kulipa ada. Wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kwa sababu ya uamuzi ule, kinanda cha bei ya chini kabisa na kile cha bei ya kutisha, vikibonyezwa Do ya katikati, vyote vinasema 60. Hakuna kinachosema 60 nzuri zaidi.

Sasa tofauti ya bei inatoka wapi? Inatoka chini ya vidole vyako.

Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira, na kwenye mpira huo kuna madoa mawili meusi ya kaboni. Kitufe kikishuka, doa la kwanza linagusa, halafu la pili. Kinanda hakina mzani wa kupimia nguvu ya kidole chako. Kinachopimwa ni muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, umepiga kwa kasi, namba inapanda kuelekea 127. Ukiwa mrefu, umebembeleza, namba inashuka. Ndiyo maana wenyewe wanaita velositi, yaani kasi. Wengi wetu tulianza kutengeneza biti kwa kubonyeza herufi za laptopu, na FL Studio inaruhusu. Lakini herufi haijui umeigonga vipi. Kila noti inatoka na ukali ule ule, na wimbo unasikika kama mtu anayeongea bila kupandisha wala kushusha sauti.

Fikiri basi kitufe kifupi cha kinanda kidogo. Kinashuka kidogo sana kabla hakijafika chini. Safari ikiwa fupi hivyo, kidole kinakosa nafasi ya kutofautisha kubembeleza na kupiga. Unagusa kwa upole, programu inapokea 50. Unagusa tena vile vile, unavyoamini wewe, inapokea 85. Kwa ngoma na besi za kurudiarudia hilo halina madhara, utasawazisha baadaye kwa kipanya. Kwa piano inayomsindikiza mwimbaji, lina madhara makubwa, kwa sababu upole wa piano ndio unaompa mwimbaji nafasi ya kupumua.

Vitufe vya ukubwa wa kawaida navyo vina tabia zao. Kuna vile vyepesi vinavyorudishwa na springi. Hivi ndivyo vilivyojaa madukani, na Keystation ni wa ukoo huo. Kuna vyenye springi na uzito kidogo ndani yake, vinashuka kwa utulivu zaidi. Na kuna vile vyenye nyundo, kila kitufe na nyundo yake, kama piano ya mbao. Hivi kwa kawaida huja 88, na vinanda vyake vingi vinavuka kilo 10, kwa hiyo vinataka meza ya kweli, si ile ya plastiki. Aliyelelewa na piano anunue chenye nyundo kama mfuko unaruhusu, maana vidole vyake vimeshajifunza uzito na vitautafuta tu. Mpiga ngoma kwa vidole au mtunzi wa biti, nyundo zitamchosha bure.

Hapa lazima niseme habari ya vinanda vilivyotumika, kwa sababu najua wengi tunapitia huko. Kinanda changu cha pili nilikinunua hivyo. Kilikuwa kisafi, kinang'aa, muuzaji akanichomekea kwenye kompyuta yake, nikapiga noti mbili tatu, nikalipa. Nyumbani nikagundua kuna La moja haisikii lugha ya upole. Ama inakaa kimya, ama inapiga kelele ya 127. Nikakifungua. Vumbi lilikuwa limeingia kati ya mpira na sakiti, na unyevu wa chumvi wa pwani yetu ulikuwa umelifanya ligande. Nilisafisha kwa pamba na spiriti, La ikatulia miezi kadhaa, kisha ikarudia. Siku hizi nikienda kununua kilichotumika napiga kila kitufe mara tatu, kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu, huku natazama namba zinazoonekana kwenye programu. Vitufe 49 mara tatu ni kazi ya dakika tano. Muuzaji akikosa subira ya dakika tano, naondoka. Jambo jingine, kinanda kipya huja na namba ya siri ya kupakulia programu za muziki, nayo hutumika mara moja tu. Anayekuuzia kilichotumika akikutajia programu hizo kama sehemu ya bei, muulize kama namba haijatumika.

Sasa tuje kwenye idadi ya vitufe. Swali hili watu hulijibu kwa kutazama ukubwa wa meza, na mimi ningependa tulijibu kwa kutazama muziki.

Vijana wa singeli hapa Dar es Salaam wametengeneza muziki kwa vifaa vichache sana na umesikika mbali. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, Sounds of Sisso, na Ulaya wakausikia. Ni muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika, umejengwa kwa vipande vinavyokatwa, kuharakishwa na kurudiwa. Anayefanya kazi ya namna hiyo vitufe 25 vinamtosha na vinabaki. Pedi zitamsaidia kuliko vitufe, kwa sababu pedi imetengenezwa ipigwe kama ngoma na kidole hakitelezi. Kinanda kidogo kinaingia kwenye begi la mgongoni, kinapanda daladala, kinafika kwa rafiki mwenye spika nzuri. Hiyo ni sababu ya maana, simtanii mtu.

Mpiga kinanda wa kwaya ni mwingine kabisa. Mkono wake wa kushoto unatembea na besi, wa kulia unashika kodi za muziki na kuchomekea vionjo vya sauti pale waimbaji wanapopumua. Vitufe 25 ni oktava mbili tu. Viko vibonyezo vya kuhamisha oktava, ni kweli, lakini ukivibonyeza kinanda kizima kinahama, mikono yote miwili pamoja nacho. Unaweza kurekodi mkono wa kushoto leo na wa kulia kesho, programu itaunganisha. Nimefanya hivyo. Kinachopotea ni mazungumzo ya mikono. Besi ikichelewa kidogo kwa makusudi, mkono wa kulia unaisikia na kuingoja, na jambo hilo halitokei mikono ikirekodiwa siku mbalimbali. Kinanda cha vitufe 49 kwa kawaida kinaanzia namba 36 na kuishia 84, yaani oktava mbili kila upande wa Do ya katikati. Mikono miwili inakaa humo bila kukanyagana. Kile cha 61 kinaongeza oktava ya tano, na kwa wanaopiga kwa mikono miwili muda wote hicho ndicho ningekipenda zaidi, ila bei inapanda na meza inaanza kulalamika.

Kuna msikilizaji mwingine ambaye huwa simsahau, mpigaji wa taarab, awe Unguja, Tanga au Mombasa. Yeye ana shida ambayo hata vitufe 88 haviiondoi. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati, yana sauti zinazokaa katikati ya kitufe na kitufe, robo toni. Mpiga kanuni anazipata kwa vishikizo vidogo vya chuma vilivyo kando ya nyuzi, anavigeuza kwa mkono wa kushoto huku wimbo unaendelea. Mpiga udi na mpiga fidla wanazitafuta kwa kidole, kwa sababu shingo za ala zao hazina vigawanyo. Kinanda kina vitufe kumi na viwili kwa oktava, kila kimoja kimefungiwa sauti yake.

Wengi hukimbilia gurudumu la kupindisha sauti, lile lililo kushoto. Hesabu yake inavutia. Lina hatua 16,384, katikati ni 8,192, na kwa mpangilio wa kawaida linapandisha au kushusha toni moja nzima. Kwa hiyo robo toni ni hatua 2,048 kutoka katikati. Hesabu inakubali, mkono unakataa. Gurudumu lina springi, ukiliachia linarudi, na unapolishika mkono mmoja umeshapotea. Zaidi ya hapo, linasogeza noti zote za chaneli yake kwa pamoja. Ukiwa umeshika kodi, kodi nzima inapinda.

Njia ninayoipendekeza iko upande wa programu. Zipo ala za kompyuta zinazokubali kusoma faili za kulinganisha sauti za mfumo unaoitwa Scala. Unashusha Mi na Si kwa robo toni, unapata Rast ya Do, na vidole vinacheza kama kawaida bila kugusa gurudumu. Korg na Yamaha wana vinanda vya soko la Kiarabu vyenye vibonyezo vya kushusha noti moja moja kwa robo toni, lakini hivyo ni vinanda kamili vyenye sauti na spika zao, na bei yao ni ya ulimwengu mwingine. Kwa hiyo mpigaji wa taarab aanze na ala ya kompyuta: je, inaisoma Scala? Akishajibiwa hilo ndipo achague kinanda. Nimeona watu wakifanya kinyume, kisha Bayati yao inatoka kama wimbo wa shule ya chekechea, nao wanajilaumu kwamba hawajui kupiga. Wanajua sana. Kifaa ndicho hakikuelekezwa.

Lawama nyingine isiyo ya haki huenda kwa kinanda chenyewe. Mtu anabonyeza, sauti inakuja imechelewa, anasema amenunua kimeo. Habari ya noti moja, hata kwenye ule waya wa zamani wa MIDI wa pini tano, inachukua karibu milisekunde moja tu. Anayechelewa ni kompyuta. Inakusanya sauti kwenye bafa kabla haijaitoa, na bafa ikiwekwa sampuli 1,024, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo pekee unangoja milisekunde 23. Kidole cha mpiga kinanda kinaliona pengo hilo. Weka draiva ya sauti ya ASIO, shusha bafa hadi 256, unangoja chini ya 6. Kompyuta yenye nguvu ndogo itaanza kukwaruza ukishuka zaidi, basi rudi juu hatua moja. Fanya hivyo kabla hujarudisha kinanda dukani. Na kama kinanda kinajitangaza kwamba kinaunga kwa bluetooth, wewe tumia waya. Bluetooth inaongeza kungoja, na wakati mwingine kungoja kwenyewe hakulingani.

Umeme nao unazungumza kwetu. Vinanda hivi vingi vinakula umeme wa USB ule ule unaopeleka habari, kwa hiyo giza likiingia mtaani na laptopu ina chaji, kazi inaendelea. Ni faida ambayo tangazo halitaji na sisi tunaijua. Kwa anayetumia simu, adapta ya OTG inatosha kuunga vinanda vingi vidogo. Chagua kisicho na taa nyingi, maana kila taa inakula betri ya simu yako, na simu nyingine hugoma kabisa kulisha kinanda chenye njaa.

Juu ya nobu na feda, zile za kusukuma juu na chini, sitakaa sana. Zinafanya kazi, na kwa anayepiga moja kwa moja jukwaani zina thamani. Nyumbani, za kwangu ni nane na ninazogusa ni mbili, moja ya kufungua na kufunga ukali wa sauti, nyingine ya mwangwi. Kitu ambacho nisingekiacha ni tundu la pedali ya mguu. Pedali inayoshikilia noti inagharimu kidogo, na bila hiyo piano ya kompyuta inakatika kila ukihamisha mkono. Lipo tundu hilo kwenye vyote viwili alivyoviona dada wa Morogoro. Kwenye vinanda vingine vidogo halipo, kwa hiyo tazama mgongoni kabla ya kulipa.

Niliulizwa pia mwezi uliopita kama ni busara kungoja MIDI 2.0, iliyopitishwa Januari 2020. Yenyewe inapima velositi kwa ngazi 65,536 badala ya 127. Ni jambo zuri na linakuja polepole. Usingoje. Ngazi 127 zimebeba muziki wa dunia kwa miaka arobaini, na mkono ambao haujafanya mazoezi hautumii hata 30.

Mdogo wangu wa Morogoro, nakushauri uchukue cha vitufe 49, kile ulichosema kimekaa kitupu, na pesa itakayobaki uinunulie pedali. Ngoma utazipiga kwenye vitufe vile vile, FL Studio haina ubaguzi. Lakini usinichukulie mimi kama neno la mwisho. Nenda dukani, omba vyote viwili viwekwe juu ya kaunta, hata bila kompyuta, hata bila umeme. Kaa vizuri. Anza wimbo wa kwaya yenu unaoujua kuliko zote, mikono miwili, toka utangulizi mpaka kiitikio cha mwisho. Hakuna kitakacholia, watu watakushangaa kama mama alivyonishangaa mimi. Wewe endelea kupiga. Mkono wa kushoto ukifika mahali ukakuta vitufe vimekwisha, utakuwa umepata jibu lako.